Baba, Vidonge Navirudisha

Lufingo, 14 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Huku nyumbani tupo. Jacob anaota magego, anauma kila kitu mpaka mpini wa jembe. Ng'ombe amezaa, ni dume. Upepo wa juzi umeangusha migomba kumi na minne upande wa bondeni, tumeikatakata na kuwapa nguruwe. Lwitiko yuko zamu ya usiku kiwandani mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo usiku tunabaki mimi na Jacob. Mwanao hajui kwamba ninakuandikia.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Miaka tisa nimekuwa mkamwana wako na hatujawahi kusemezana. Marehemu mama, mkeo, alinifundisha wiki ya kwanza tu: baba mkwe hatazamwi, hasemeshwi, akitokea njiani unaingia migombani mpaka apite. Wenzangu wengi wameshaacha hayo, wanawapa wakwe zao mkono kanisani mchana kweupe. Mimi nilimwahidi mama, nikashika ahadi. Kuhusu barua hakuniambia neno, kwa hiyo nadhani sijavunja kitu. Zamani hatukuhitaji barua kwa sababu tulikuwa na Gloria. Alikuwa anakuja kwako na maziwa, anarudi anasema, "Mama, babu anasema ndaga, anashukuru." Sasa hayupo. Nesi Felista amekubali kubeba bahasha hii kwa kuwa anasali kwetu kila Jumapili kabla ya kurudi huko kwenye zahanati unakotibu.

Neno lenyewe ni vidonge. Mwezi uliopita Lwitiko alikuja kukueleza kwamba mkewe halali, hali chakula, na analia katikati ya kuchuma chai. Ukampa amitriptilini, nimeze kimoja kila ninapokwenda kulala. Nimemeza siku kumi na moja. Vilivyobaki navirudisha humu ndani.

Sina ukaidi, baba. Nataka kutibiwa, nimechoka na hali hii. Ila nataka dawa nyingine, ile anayotumia rafiki yangu Winfrida tangu mimba yake ya tatu ilipoharibika. Inaitwa fluoksetini. Anameza asubuhi na anashinda shambani akiwa macho.

Wewe uliandika dawa kwa maneno ya Lwitiko. Mimi hukuniuliza.

Mkamwana wako,
Tulinagwe


Zahanati, 28 Aprili 2024

Mwanangu Mama Jacob,

Marahaba. Felista alinikabidhi barua yako huku akitazama pembeni, utadhani ameiba sadaka. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mimi magoti yananisumbua kila mvua ikinyesha, na mvua haijapumzika tangu Pasaka. Maharage yangu yameshikwa na kutu. Tangu mama yenu aondoke ninajipikia mwenyewe, na mbalaga yangu ya ndizi mpaka leo haijamvuta jirani hata mmoja.

Sasa tuongee dawa. Dawa hazichaguliwi kama vitenge mnadani. Kazi hii ninaifanya mwaka wa ishirini na tisa. Huzuni yako imeshakuwa ugonjwa, na ugonjwa huo una tiba, lakini tiba yake haina haraka. Vidonge hivyo huanza kusaidia wiki ya tatu au ya nne. Wewe umemeza siku kumi na moja, umepata ubaya wake wote, kinywa kukauka na kichwa kuwa kizito, kisha umeacha kabla uzuri haujafika.

Dawa ya Winfrida ni nzuri, sibishi. Lakini hapa sina, hiyo hutolewa hospitali. Tena wapo ambao wiki za mwanzo inawakosesha usingizi na kuwatia wahaka. Lwitiko aliniambia ulikuwa umekesha siku tano mfululizo. Mtu wa namna hiyo nimpe dawa ya kumkeshesha zaidi? Unachohitaji kwanza ni kulala, mwanangu. Lala, mengine yatafuata.

Kuhusu kukuuliza wewe mwenyewe, unajua kwa nini sikuuliza.

Nakurudishia vidonge saba. Felista atakuletea saba vingine kila Jumapili.

Baba yako,
Ambilikile


Lufingo, 26 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Nimekaa bila kujibu kwa sababu nilikasirika. Sasa hasira imepungua kidogo. Lwitiko amehamia zamu ya mchana. Jacob ana mafua. Chai inakubali sana mwezi huu na mimi siiwezi kasi yake.

Kwanza, naomba uniite kama ulivyokuwa ukiniita. Tangu tulipozika, watu wote wamehamia kwenye Mama Jacob, kama waliokaa kikao wakapatana. Wanadhani wananihurumia. Mimi nilikuwa Mama Gloria miaka sita na sijaacha. Hata msibani, wanawake walipokuwa wakimfunika, walisema, "Huyu alikuwa babu yake mtupu, sura ile ile." Niliitikia tu. Sura yako siijui, baba. Kwenye picha ya harusi umevaa kofia na uso wote umeingia kivulini.

Pili, vile vidonge. Umeniandikia ubaya wake ni kinywa kukauka. Acha nikueleze ubaya ninaoujua mimi. Siku ya kumi na moja niliamka jua limeshapanda. Mlango ulikuwa wazi. Jacob, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa kwa Winfrida, amekohoa usiku kucha mpaka sauti imekauka. Kulipopambazuka akaniita, akanitingisha, akanivuta nywele, halafu akatoka peke yake akapita kwenye kijito. Mimi sikusikia lolote. Winfrida alimkuta mlangoni kwake miguu imelowa. Siku hiyo hiyo kituoni walinikatalia kapu zima la chai kwa sababu nilikuwa nimechuma majani magumu, mikono inakwenda na macho yamelala. Hilo la kapu si kitu. La Jacob siwezi kulirudia.

Siwezi kulala namna ile, baba. Siwezi.

Na hivi vya saba saba, usinifiche. Najua unachokiogopa. Unaogopa nikiwa navyo vingi nitavimeza vyote. Wazo hilo limewahi kupita, nakwambia ukweli, na likaondoka nilipomtazama Jacob. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kunyamaza.

Mkamwana wako,
Tulinagwe


Zahanati, 9 Juni 2024

Mama Gloria,

Marahaba, na unisamehe kwa lile jina. Sikuwa kwenye kikao chochote, nilifuata tu wenzangu.

Umefanya vizuri kuniambia la vidonge saba, na ndiyo, ndilo ninaloliogopa. Nimemwomba Felista awe anapita kwako na katikati ya wiki. Wazo hilo likirudi, liwe kubwa au dogo, usikae nalo peke yako. Mwamshe Lwitiko, mwite Winfrida, niite mimi, saa yoyote.

Lakini kwenye dawa bado sikubaliani nawe. Ninachokiona ni dozi kubwa kwa mwili uliochoka. Kata kidonge nusu. Jacob alale kwa Winfrida mwezi mmoja, au Lwitiko aombe abaki zamu ya mchana ili usiku awe na mtoto. Hayo yote yanapangika. Nikikupangia jambo unalikataa, na sababu unayonipa ni nusu tu. Mgonjwa anayekataa kulala huwa kuna kitu anakilinda. Nimewaona wengi.

Niambie hiyo nusu nyingine. Nimeshakosea mara moja kwa kusikiliza maneno ya mtu wa katikati na kumwacha mwenye habari. Sitaki kukosea tena.

Baba yako,
Ambilikile


Lufingo, 7 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Baridi ya mwaka huu haina huruma, asubuhi majani ya chai yanakata vidole. Lwitiko amepata kikohozi cha vumbi la kiwandani. Ndama anatembea. Haya, salamu zimekwisha, usome polepole.

Gloria aliumwa kuanzia Jumapili. Jumapili usiku na Jumatatu usiku sikufumba macho. Alikuwa anahema haraka haraka na mbavu zinaingia ndani. Maji alikuwa anayakataa. Jumanne nilimbeba kuja huko. Lwitiko alikuwa kazini, nikaongozana na Winfrida. Tulipofika, Felista akasema leo yupo mzee mwenyewe, wewe. Nikasimama pale pale. Nikampa Winfrida mtoto aingie naye, mimi nikazunguka nyuma ya jengo. Nilimwagiza Winfrida aseme yote, lakini Winfrida hakuwa amelala nyumbani kwangu, hakuona nilichokiona. Walitoka na dawa ya kikohozi. Nikaona kama daktari amesema ni mafua, basi ni mafua. Nikambeba tukarudi.

Alhamisi mchana mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimpa uji, akanywa vijiko viwili. Nilikuwa na usiku wa nne bila usingizi. Nikamwambia, mama, tulale kidogo. Nikajilaza naye kitanda kimoja. Nilipoamka mvua ilikuwa imekatika na Gloria alikuwa amekwisha kwenda. Mkono wake ulikuwa umeshika kanga yangu, na vidole ilibidi nivifungue kimoja kimoja.

Watu wote nimewaambia nilikuwa nimempakata, nikamwona akikata roho. Lwitiko anaamini hivyo. Mchungaji alilisema kaburini, kwamba alikufa mikononi mwa mama yake aliyekuwa macho akimwombea. Nilikuwa nimelala, baba. Labda aliniita. Labda alinivuta nywele, kama Jacob.

Kila asubuhi watu wananisalimu "ugonile", wananiuliza kama nimelala, nami naitikia kwa adabu. Na wewe unanipa dawa ya kunilaza. Hiyo ndiyo nusu nyingine.

Sasa na mimi nakuuliza. Umeandika umeshakosea mara moja kwa kumsikiliza mtu wa katikati. Ni mara ipi hiyo? Siku ile ya Jumanne, ulijua kwamba nipo nje?

Tulinagwe


Lufingo, 11 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Jumapili ya tano hii. Felista anasema upo, unakula, unafanya kazi. Sina la kuongeza, nakutumia mkungu wa ndizi tu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, lakini vidonge acha kuleta.

Tulinagwe


Zahanati, 1 Septemba 2024

Mama Gloria, mwanangu,

Ndizi zimefika, ndaga fijo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nimeishia kwenye salamu. Leo salamu nazikatisha.

Nilijua upo nje.

Niliiona kanga yako, ya njano, kwenye kona ya dirisha. Niliitambua kwa sababu ni mimi niliyempa Lwitiko akuletee Krismasi. Nikamuuliza Winfrida mtoto ameanza lini, akasema nadhani jana. Nikamuuliza anakunywa maji, akasema nadhani anakunywa. Usiku anahemaje? Hakujua. Mtu wa kujibu maswali hayo alikuwa ng'ambo ya ukuta. Gloria alikuwa amekaa mezani kwangu, hoi, akanishika mkono akasema, "Babu, mama yuko nje." Nikamwambia najua.

Ningesimama. Ni hatua nane mpaka kwenye kona, nimezihesabu baadaye. Nikaona aibu. Nikasema nitamfedhehesha mkamwana wangu mbele ya foleni, atakimbilia migombani, watu watacheka. Nikampima mtoto kifua harakaharaka nguo ikiwa mwilini, nikaandika mafua, nikamwita anayefuata. Mgonjwa wa mtu mwingine yeyote ningemvua nguo nikamtazama mbavu. Ilikuwa ni nimonia, na ilikuwa ya kutibika siku ile.

Kwa hiyo sikiliza, na hili nakwambia kama tabibu kabla sijakwambia kama baba. Usingizi wako wa Alhamisi haukumuua mtoto. Kufikia Alhamisi, ungekaa macho ungemwona anaondoka, basi, usingemzuia. Kilichohitajika kilihitajika Jumanne, na kilikuwa juu yangu. Mama aliyekesha siku nne alilala karibu na mwanawe. Mtoto aliondoka ameshika nguo ya mama yake. Sijui kama hilo litakufaa leo, ila lisome tena siku nyingine.

Umeniuliza bila kuuliza kwa nini nang'ang'ania amitriptilini. Sababu za kitabuni nilikupa na si za uongo. Lakini ipo niliyoificha. Nilijua kila saa unayokuwa macho unairudia wiki ile, na nilijua ukiirudia vizuri utanifikia mimi. Nilitaka ulale. Ni aibu kuandika hivyo na nimeandika.

Mimi si tabibu wako tena. Ndani ya bahasha hii kuna rufaa kwenda hospitali ya Igogwe, kwa daktari Lilian. Sikuandika jina la dawa. Nimeandika tu kwamba mgonjwa ana maelezo yake mwenyewe na aulizwe yeye. Mwambie yote, na wazo lile la vidonge pia. Akikupa ile ya asubuhi, nitasema amina. Wiki mbili za kwanza Winfrida au Lwitiko wawe karibu nawe.

Jambo la mwisho. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba katika ukoo wetu mkwe akitaka kuulegeza mwiko anatoa zawadi, na zamani zawadi yenyewe ilikuwa ng'ombe. Mimi ng'ombe sina. Nimetengeneza kiti kwa fundi Ackson, nimekiweka chumbani kwangu kazini, upande wa pili wa meza, karibu na dirisha lile. Hakikaliwi na mtu. Jacob akiumwa, pita mlangoni, ukae. Mama yenu akinidai huko aliko, nitajibu mimi.

Ambilikile


Lufingo, 20 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Mvua za kwanza zimeanza, tumepanda mahindi juu na maharage chini. Ndama ameuzwa. Lwitiko nimemwambia ukweli wa Alhamisi. Alitoka nje, akakaa bandani kwa ng'ombe mpaka jioni, kisha akaingia akala chakula chake chote, na usiku akalala na mkono wake mgongoni kwangu. Hajaliongelea tena, nami sijamlazimisha.

Igogwe nilikwenda mara mbili. Daktari Lilian ni msichana mdogo kuliko nilivyotarajia. Aliniuliza mwenyewe, akasubiri nijibu, na palipohitaji kulia akaniacha nilie. Alinipa fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Wewe hukusema uongo, wiki ya kwanza nilikuwa na wahaka, moyo unaenda mbio, Winfrida akalala kwetu siku nne. Sasa ni wiki ya tano. Sitakwambia nimepona. Furaha bado siijui iko wapi. Ila ninakula, na Jumatano nilichuma kapu zima hawakurudisha hata jani. Usiku ninalala kwa muda wa saa tatu nne hivi, usingizi wangu mwenyewe, na Jacob akikohoa mara moja tu nimeshakaa kitako.

Siwezi kukuandikia kwamba nimekusamehe. Nimelijaribu neno hilo na halijakaa. Hata mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo tuko foleni moja. Nilisimama nyuma ya ukuta kwa miguu yangu, hakuna aliyenifunga. Hilo nalo nimemwambia daktari.

Jumanne iliyopita Jacob aliamka na homa. Nilimbeba mgongoni. Njia nzima nilikuwa najiambia nitazunguka nyuma, mara nitapita mlangoni, mara nitazunguka. Felista aliponiona akafungua mlango wote. Nikapita. Kiti kilikuwepo, nikakaa. Uliniuliza ameanza lini, nikasema Jumapili jioni. Anakunywa? Anakunywa. Usiku anahemaje? Nikakueleza mpaka mwisho, macho yangu yakiwa kwenye vidole vyako. Ukamvua fulana, ukamtazama mbavu muda mrefu, ukasema kifua ni kisafi, ni malaria, ukampa dawa.

Halafu nikainua uso nikakutazama. Kisha nikambeba mtoto nikatoka, hata kuaga sikuaga. Felista anasema ulibaki umekaa, ukadhani umeniudhi, au nimeona aibu. Si hivyo. Nilitoka kwa sababu ningebaki kidogo tu ningekushika uso kwa mikono yangu miwili.

Wale wanawake wa msibani walikuwa wanasema kweli, baba. Nyusi, na namna mdomo wako unavyopinda upande mmoja unapofikiri. Miezi minane namtafuta, kumbe angalau uso wake upo ng'ambo ya bonde. Jumanne nitakuja tena, na Jacob haumwi.

Mama Gloria